Jalandhar, kwao Kalasinga

Muulize mtu wa Mombasa au Moshi Kalasinga, yaani Masingasinga, walitoka wapi, atakwambia India, kamaliza. India kubwa jamani! Wengi wao asili yao ni Punjab, nchi ya kaskazini magharibi, na ndani ya Punjab kuna kipande kinaitwa Doaba, na ndani ya Doaba kuna wilaya ya Jalandhar, ambayo mimi mtu wa takwimu za watu nimehangaika nayo miaka sasa, maana watu wake hawatulii ukawahesabu.

Tuanze na ardhi. Doaba ni neno la Kiajemi, do ni mbili na ab ni maji, yaani nchi iliyo kati ya mito miwili, Beas na Sutlej. Wilaya yenyewe inapakana na Sutlej upande wa kusini, Beas iko mbali kidogo, wilaya ya Kapurthala imekaa katikati. Ni tambarare tupu, udongo wa mafuriko ya zamani, kwa hiyo ngano, mpunga, miwa, na viazi vya mbegu ambavyo wakulima wa sehemu nyingine za India wanavitegemea. Ila mto una hasira zake, mwaka 2019 na tena 2023 Sutlej ilipasua tuta kule upande wa Shahkot na Lohian, mashamba yakawa ziwa.

Historia ni ndefu, nitaikimbia. Mtawa wa Kichina Xuanzang alipita huku karne ya 7. Wamughal, wafalme Waislamu walioitawala India zamani, wameacha msafarakhana mkubwa, yaani nyumba ya kulala wasafiri, pale Nurmahal, umejengwa kwa amri ya malkia Nur Jahan karibu mwaka 1620, lango lake la mawe bado limesimama. Waingereza wakaichukua Doaba 1846 baada ya kuwashinda Masingasinga vitani.

Lakini mwaka wenyewe ni 1947. Kabla ya hapo karibu nusu ya watu wa wilaya walikuwa Waislamu. India ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan, na kwa miezi michache tu karibu wote wakawa wameondoka kwenda Pakistan, wengine kwa miguu wengine kwa treni, na wengi hawakufika, huku Wahindu na Masingasinga wakimiminika kutoka upande wa pili. Sensa ya 2011 inaonyesha Waislamu hawafiki hata asilimia 2. Na hapa watu huwa wanakosea, wanadhani Punjab yote ni vilemba, kumbe Jalandhar Wahindu ni kama asilimia 63 na Masingasinga ni theluthi moja hivi.

Kati ya waliokuja 1947 walikuwepo mafundi wa Sialkot, mji uliobaki Pakistan, waliokuwa wanatengeneza vifaa vya michezo. Wakaja na ufundi wao mikononi. Ndio maana mpaka leo Jalandhar inashona mipira, vipande 32, 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, fundi anabana vipande viwili kwa koleo la mbao, anavuta uzi wa nta kwa sindano mbili, moja huku moja kule, na mshono wa mwisho ndio kazi kwelikweli kwa sababu mpira umeshafunga na mkono hauingii tena ndani.

Sasa wanaotoka. Reli ya Uganda ilijengwa 1896 hadi 1901 na vibarua karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, karibu 2,500 walikufa, kama 6,700 wakabaki huku kwetu. Baada yao wakafuata maseremala, wahunzi na makarani, na Doaba ilitoa wengi. Kuna kijiji kinaitwa Sansarpur, kimepakana na kambi ya jeshi ya Jalandhar, kimetoa wachezaji 14 wa hoki wa Olimpiki. Kijiji kimoja! Na sio wote waliichezea India, wengine walivaa jezi ya Kenya, ukoo wa Kular, ambao wazee wa Nairobi waliofuatilia magongo wanawakumbuka.

Kwa hiyo ukisoma kwamba 2011 wilaya ilikuwa na watu 2,193,590 kwenye kilomita za mraba 2,632, yaani zaidi ya 830 kwa kila kilomita, jua hao ni waliokuwepo tu. (Sensa ya 2021 haikufanyika, msiniulize namba mpya.) Vijijini utakuta jumba la ghorofa mbili, geti la chuma, juu ya paa tanki la maji limejengwa kwa umbo la ndege, na ndani yupo mlinzi na mbwa, mwenye nyumba yuko Kanada au Uingereza. Karani wa sensa anaandika nyumba imefungwa, anasonga mbele.

Nilifika gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya kijiji cha Talhan, ambako vijana walikuwa wanatoa sadaka ya videge vya kuchezea ili viza itoke. Barabarani walikuwa wanauza videge hivyo, vimepangwa kwa rangi za mashirika ya ndege. Mzee muuzaji akaniuliza mwanangu unaomba nchi gani. Nikamwambia tiketi ya kurudi Dar ninayo tayari mzee wangu. Akacheka, akamgeukia kijana aliyekuwa nyuma yangu, ambaye alikuwa ameshashika cha Air Canada.