Auschwitz lilikuwa jina la utemi kabla Hitler hajazaliwa

Msimu wa wageni ukianza, swali ni lile lile. Nawapeleka watu Oświęcim, kusini mwa Polandi, na juzi nimeulizwa mara tatu kwa siku moja: "Kwa hiyo Auschwitz ni jina walilobuni Wanazi walipojenga kambi ya mauaji?" Hapana. Na wa tatu alikuwa mwalimu wa historia, jambo lililoniuma zaidi.

Auschwitz ni Oświęcim katika kinywa cha Mjerumani, basi. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Mwaka 1217 mmoja aliandika Ospenchin. Mwaka 1312 tunakuta Auswintzen, na 1372 Awswiczin. Yasome hayo mawili ya mwisho kwa sauti, uniambie kama Hitler alikuwa na kazi yoyote ya kubuni. Halafu mwaka 1772 Austria iliponyakua eneo hili, tahajia ya Kijerumani ikawa ya kiserikali, na makaisari wa Vienna wakajiita, katika orodha yao ndefu ya vyeo, "Mtemi wa Auschwitz na Zator" (Zator ni mji jirani). Waliendelea hivyo hadi 1918! Wanazi walipoumega mji huo na kuutia ndani ya Ujerumani mwaka 1939, walirudisha jina lililokuwa limekaa kwenye mihuri kwa vizazi. Uovu wao ni mkubwa wa kutosha; hauhitaji kuongezewa ubunifu wa majina.

Kosa hili linanikera kwa sababu linafuta watu. Mji ulithibitishiwa haki zake mwaka 1291 na Mieszko, mtemi wa mji jirani wa Cieszyn, na chumvi na madini ya risasi vilihifadhiwa na kuuzwa hapo. Mieszko alipofariki, yapata 1315, wanawe waligawana urithi: Kazimierz akabaki na Cieszyn, Władysław akachukua Oświęcim. Huo ndio mwanzo wa utemi wenyewe, zaidi ya miaka 600 kabla ya kambi.

"Basi watemi hao walikuwa Wajerumani." Hapana pia. Walikuwa wa ukoo wa Piast, ule ule ulioanzisha ufalme wa Polandi. Ngome ya Oświęcim ilitoka mikononi mwa watawala wa Kraków mwishoni mwa karne ya 12, pale mtawala wake Kazimierz Mwadilifu alipompa mpwa wake aliyetawala Silesia, eneo la jirani. Kinachowachanganya watu ni kiapo: mwaka 1327 Jan, mwana wa Władysław, alijiweka chini ya Mfalme John wa Bohemia, nchi ya Wacheki. Damu ya Kipolandi, bwana wa Bohemia, na kufikia karne ya 15 hati za utemi zinaandikwa kwa Kicheki. Mwenye kutaka taifa moja safi atafute kwingine.

Polandi iliuteka kwa vita? Vurugu zilikuwepo, lakini kilichomaliza kesi ni fedha. Jan wa Nne, mtemi wa Oświęcim, alikula kiapo kwa mfalme wa Polandi, Kazimierz Jagiellończyk, mwaka 1454, na mwaka 1457 akamuuzia utemi mzima kwa grzywna 50,000, kipimo cha fedha cha enzi hizo. Zator, iliyokuwa imejitenga tangu mgawanyo wa 1445, ilinunuliwa peke yake mwaka 1494 kwa florini 80,000, na mtemi wake akaachiwa aendelee kuitawala hadi alipokufa mwaka 1513.

Wala usiniambie kwamba siku hati ilipotiwa sahihi pakawa Polandi. Mfalme alikuwa mmiliki tu. Bunge la Polandi liliziingiza temi hizo mbili rasmi katika ufalme mwaka 1564, miaka 107 baada ya kununuliwa kwa Oświęcim.

Ushauri wangu, na wenye haraka hunichukia kwa huu: kabla ya kwenda kambini, pitieni kwanza mjini, kando ya mto Soła. Pale juu ya kilima kuna mnara wa ngome uliojengwa karne ya 13. Simameni chini yake dakika kumi, kisha ndipo niulizeni jina lilitoka wapi.