Usiniambie Skripti Haikuanza

"Fundi, skripti haianzi mashine ikiwaka, lakini nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu kuhusu skripti, yaani faili ya amri ambazo kompyuta huziendesha. Mara ya mwisho ilikuwa Kondele, Kisumu, kwenye saiba ya intaneti ambako stima ilipotea usiku ikarudi alfajiri. Mwenyewe alikuwa ameshaamua kwamba Linux, mfumo wa kompyuta yake, imeharibika, anataka iwekwe upya.

Nikaandika journalctl -b -u na jina la huduma inayoendesha skripti yake, amri inayoonyesha logi, yaani kumbukumbu za huduma hiyo tangu mashine iwake. Kuanza, ilianza! Iliitafuta seva ya chumba cha nyuma, ikaambiwa mtandao haufikiki, ikafa. Mwenye saiba alikuwa hata hajavuta kiti.

"Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi" haithibitishi chochote. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, umeingia kwa jina lako, .bashrc (faili ya mipangilio yako) imesomwa, uko ndani ya folda yako, na mtandao umeshapata anwani. Mashine ikiwaka, systemd, programu inayoanzisha huduma, huiendesha kama root, mtumiaji mkuu, usipotaja mwingine, ikiwa kwenye saraka kuu ya /, bila .bashrc yako. Andika njia kamili kwa kila kitu. Wanaotumia @reboot ya cron (kiratibu cha kazi) kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, wakumbuke kwamba PATH yake, orodha ya saraka za kutafutia programu, ni /usr/bin na /bin tu.

Mengine ni ya haraka. Ukiona 203/EXEC kwenye logi, yaani faili imeshindwa kuendeshwa, angalia njia ya faili, chmod +x (ruhusa ya kuendeshwa), mstari wa #! (unaotaja programu ya kuisoma), na kama faili ilihaririwa Windows. Kwa amri ya systemctl, start huianzisha huduma sasa hivi, enable huipanga ianze mashine ikiwaka. Faili ya rc.local, ya zamani ya amri za kuwashia, haiji tena na Debian tangu toleo la 9 la 2017. Ukiiunda bila ruhusa ya kuendeshwa, inarukwa tu.

Kinachonichosha ni mstari wa After=network.target kwenye faili ya huduma. Hiyo haisemi kwamba mtandao upo. Inasema programu inayousimamia imeanza. Unayoitaka ni network-online.target, na After peke yake haitoshi. After ni foleni ya stejini: gari lako litatoka baada ya lile la mbele, lakini kama hakuna aliyelileta lile la mbele, lako linatoka tu. Wants, mstari mwingine wa faili hiyo, ndiyo inayolileta. Andika zote mbili.

Hata hapo sina amani kamili. Mtandao kuwa hewani hakumaanishi kwamba seva inajibu. Stima ikirudi, mashine zote huwaka pamoja, na seva yenye diski kuukuu huchelewa. Wengi huweka sleep 30, yaani subiri sekunde 30 kwanza. Nimewahi kuiweka pia, ikashika kwa miezi, na siwezi kuapa kwamba ni kosa kila mahali. Ila hiyo 30 ni kubahatisha, na siku diski ikikaguliwa kwa dakika mbili, unarudi ulikoanzia.

Kondele niliweka Restart=on-failure na RestartSec=10, yaani ikianguka ijaribu tena baada ya sekunde kumi. Tukazima swichi kubwa, tukawasha, tukasimama wawili mbele ya logi. Jaribio la kwanza likaanguka. Sekunde kumi, la pili likaanguka, na mwenye saiba akanitazama. La tatu likaikuta seva, na faili za wateja zikaanza kuhama.