Kutoka Zahanati ya Kikosi hadi Kliniki ya Sukari

Tangu nilipovua sare ya jeshi, vijana wanaokaribia kumaliza mkataba wao katika vitengo vya tiba wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: je, ujuzi wetu unatambuliwa uraiani? Huwa wanaulizia karatasi, na karatasi zina uzito wake. Hata hivyo, baada ya miaka sita katika kliniki ya sukari na presha hapa Mombasa, naona kwamba kinachomkwaza tabibu wa jeshi akishatoka nje ya lango si ujuzi alio nao na namna unavyopokewa, bali ni yale magonjwa ambayo kule ndani hakupata kuyaona ya kutosha.

Mimi ni afisa wa kliniki. Nilisoma stashahada ya miaka mitatu na kumaliza mwaka wa mazoezi hospitalini kabla ya kujiunga na jeshi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu wa miaka kumi na mmoja ilipita katika zahanati ya kikosi huku pwani, pamoja na kipindi kimoja kusini mwa Somalia. Zahanati ya kikosi hupokea watu waliokwisha kuchujwa. Kijana haandikishwi jeshini mpaka apimwe macho, masikio, meno, kifua na mkojo, na mwenye kasoro hurudishwa nyumbani, kwa hiyo tabibu huketi mbele ya safu ya watu wenye nguvu ambao wengi wao hawajafika miaka arobaini. Nilitibu vifundo vya miguu vilivyoteguka, magoti, malaria, fangasi za vidoleni zinazoletwa na buti zenye unyevu, na masikio ya mabaharia yaliyochoshwa na kelele za injini. Nilipoitwa mbio usiku, aghalabu lilikuwa ni jeraha. Wagonjwa wa kisukari niliowahudumia kwa miaka yote hiyo naweza kuwahesabu kwa vidole, na mtoto mchanga sikumpima hata mmoja.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Sheria ya Maafisa wa Kliniki ya mwaka 2017 inamtaka kila anayetibu kwa cheo hicho awe kwenye sajili ya baraza lao na awe na leseni iliyo hai. Wauguzi na madaktari nao wana mabaraza yao. Aliyesajiliwa kabla ya kuingia jeshini kisha akaiacha leseni yake ilale, na aifufue angali kazini, asingoje barua ya kuondoka. Aliyefundishwa tiba ndani ya jeshi peke yake ana cheti cha utumishi, na cheti hicho si leseni, hata kama mikono yake ni hodari kuliko ya wengi walio nayo. Jambo hilo linauma, na sitaki kulipunguza. Mimi mwenyewe niliketi mbele ya jopo la hospitali moja ya binafsi ambalo halikuniuliza neno kuhusu kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja, isipokuwa kwa nini katika miaka hiyo yote sina barua hata moja kutoka hospitali ya raia.

Nchini Marekani jambo hili lilishughulikiwa kwa namna ninayoiheshimu. Mwaka 1965 Daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianzisha kozi ya wasaidizi wa madaktari, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la wanamaji, ambao watatu kati yao walihitimu mwaka 1967. Watu waliokwisha kuuguza askari baharini walirudi darasani kwa miaka miwili. Hawakuambiwa kwamba walichokijua hakina thamani, wala hawakuambiwa kwamba kinatosha.

Kwa kweli upo ujuzi unaovuka lango bila kupungua. Jeshini tunafundishwa kuizuia damu inayomwagika kwa wingi kabla ya jambo jingine lolote, hata kabla ya njia ya hewa, kwa sababu mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa katika dakika chache. Mkanda hukazwa upande wa juu wa jeraha na saa ya kuukaza huandikwa mahali ambapo kila mtu ataiona. Mwendesha bodaboda aliyeburutwa na lori la makontena huko Changamwe anaihitaji mikono hiyo hiyo. Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo Utako na Shosuke Okamoto waliivumbua Japani mwaka 1962. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba dawa hiyo huokoa maisha ya majeruhi wanaovuja damu iwapo watapewa mapema, ndani ya muda wa saa tatu, na matabibu wa vitani wakaishika. Mwaka 2017 utafiti mwingine, uliohusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21, ukaonyesha kwamba gramu moja ya dawa hiyo, katika muda ule ule wa saa tatu, hupunguza vifo vya wazazi wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Tabibu aliyezoea kutazama saa na kuipima damu badala ya kuikisia ana la kutoa katika wodi ya wazazi, ambako nusu lita baada ya kujifungua tayari ni onyo.

Lakini siku nyingi za kazi ya uraiani hazina damu wala machela, na mimi nilikuwa nimejifunza kutafuta jeraha ambalo mgonjwa mwenyewe ananionyesha. Katika mwezi wangu wa kwanza kliniki alikuja bibi mmoja wa Mji wa Kale kuchukua dawa zake za sukari. Nilimwamkia, nikampima presha, nikamuuliza kama kuna mahali panapomuuma, akasema hapana, nami nikaanza kumwandikia. Sista aliyekuwa akifanya kazi nami akainama akaniambia kwa sauti ya chini, “Mvue champali, daktari.” Katikati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda chenye unyevu, kingo zake zimekuwa nyeupe, na ndani yake kipande cha kijiti cha ufagio. Bibi alikitazama kwa mshangao kama ule niliokuwa nao mimi. “Wallahi sijui kiliingia lini, mwanangu. Hakiniumi.”

Kwa askari, mguu usiouma ni mguu mzima. Kwa yule bibi, kutouma ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe, kwani sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, mtu akakanyaga mwiba au kaa la moto bila kujua, na kidonda kikafika kwenye mfupa. Tangu siku ile sijamwandikia dawa mgonjwa wa kisukari kabla ya kuiona miguu yake. Tunatumia uzi wa nailoni unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10: mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa kwenye unyayo mahali kadhaa, naye husema kila anapouhisi. Kipimo hiki hakichukui dakika tatu. Sikufundishwa kukitumia jeshini, na sioni aibu kusema kwamba nilifundishwa na muuguzi niliyemzidi umri.

Somo la pili lililetwa na Ramadhani. Mzee mmoja aliyestaafu bandarini alikuwa akitumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kila asubuhi, nami nikamwambia asifunge, kwa sauti ile ile niliyoizoea ninapomwandikia askari karatasi ya mapumziko. Akasema, “Sawa, daktari.” Akaenda akafunga, akawa anameza kidonge chake wakati wa daku, na siku ya nne akaletwa baada ya alasiri akiwa amelowa jasho na maneno yake hayaeleweki; sukari yake ilikuwa milimoli 2.6 kwa lita. Jeshini, amri ya tabibu ina cheo nyuma yake. Mzee huyu alikuwa ameniitikia kwa adabu, na mimi nikaidhani adabu yake kuwa ni kukubali.

Sasa mazungumzo hayo tunayaanza katika mwezi wa Mlisho, unaotangulia Ramadhani, na swali la kwanza ni iwapo mgonjwa ananuia kufunga. Wapo ambao nawaeleza wazi kwamba hatari ni kubwa mno kwao, na kwa hao namwomba imamu wao tuzungumze pamoja. Anayefunga hupangiwa dawa upya: glibenklamidi, ambayo ni mojawapo ya dawa za zamani zinazoelekea sana kushusha sukari kupita kiasi, hubadilishwa au hupunguzwa na kusogezwa kwenye futari, na kidonge cha mchana cha metformini huunganishwa na kile cha jioni. Hufundishwa kujipima mchana, na kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6. Halafu tunazungumza kuhusu kaimati zilizochovywa kwenye shira, na hapo mke au binti huwa msaada mkubwa kuliko mimi, kwa hiyo namwomba aingie chumbani tangu mwanzo.

Watoto nao wana hesabu zao, ambazo nililazimika kuzisoma upya usiku: kipimo cha dawa kwa kilo ya uzito, na pumzi zinazohesabiwa kwa dakika nzima, 50 au zaidi zikiwa ni za haraka kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, na 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi namwambia aombe ruhusa katika likizo yake ya mwisho aketi wiki kadhaa katika kliniki ya wagonjwa wa nje, kabla hajaanza kuandika barua za maombi.

Mwezi uliopita alikuja sajenti mmoja aliyetoka jeshini mwaka huu, na vyeti vyake vyote vimepangwa katika jalada la plastiki. Nilivisoma viwili, nikampa ule uzi wa nailoni, nikamvutia kigoda kando yangu. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja muuza mboga wa Kongowea. Sajenti akajiweka sawa, akamuuliza ni wapi panapomuuma. Mama akasema hapana mahali. Sajenti akanitazama, mimi nikanyamaza. Akashuka kwenye kigoda, akapiga goti sakafuni, akasema, “Mama, niruhusu nikuvue kiatu.”