Kasoro za kinywe, na jinsi joto na leza zinavyozidhibiti

Kinywe, madini meusi yanayopatikana Mahenge na yanayotumika kwenye betri za simu, ni kaboni. Atomi zake zimejipanga sita sita kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna nanomita 0.335 tu. Kasoro ni mahali popote mpangilio huo unapovurugika: atomi imetoka ikaacha pengo, pete ya atomi sita imekuwa ya tano au saba, au tabaka limekatika likabaki na ukingo.

Kasoro si lazima iwe hasara. Pengo huzuia umeme na joto kupita vizuri, lakini kwenye pengo na ukingo huohuo ndiko molekuli za gesi hunasa kwa urahisi, jambo linalohitajika sana kwenye vihisio. Kwa hiyo kazi ni kuamua ziwepo ngapi, na zikae wapi.

Njia ya zamani ni joto. Kaboni iliyovurugika ikipashwa hadi karibu nyuzi 3,000 za Selsiasi, ndani ya gesi ya agoni ili isiungue, atomi hupata nguvu ya kuhama na kujipanga upya. Lakini si kila kaboni hukubali. Mwaka 1951 mwanasayansi Mwingereza Rosalind Franklin alionyesha kwamba zipo zisizogeuka kinywe hata katika joto hilo, kwa sababu vipande vyake vimefungamana ovyo tangu mwanzo.

Joto pia linahitaji heshima. Ndani ya kinu cha nyuklia, nyutroni huzigonga atomi za kinywe na kuzitoa mahali pake, na nishati hubaki imefungiwa kwenye kasoro hizo. Kule Windscale, Uingereza, walikuwa wakikipasha kinywe mara kwa mara ili atomi zirudi na nishati itoke kwa utaratibu. Oktoba 1957 zoezi hilo likaishia kwenye moto ndani ya kinu, na mionzi ikasambaa nje.

Tanuri hupasha kipande kizima. Leza hugusa doa dogo tu, kwa muda mfupi mno. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipitisha leza ya infraredi juu ya plastiki ya poliimidi, na pale ilipopita pakabaki mstari mweusi wa grafini (matabaka membamba ya kaboni) yenye vitundu, iliyojaa pete za atomi tano na saba. Ukiongeza au kupunguza nguvu ya leza, unabadilisha kiasi cha kasoro.

Leza, ikiwa hafifu, ndiyo pia inayotumika kuzipima kasoro. Katika kipimo cha Raman, kinachochora grafu ya mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, kilele cha karibu 1,350 kwa sentimita hujitokeza kasoro zikiwepo, na hulinganishwa na kile cha 1,580 cha kaboni iliyopangika. Mpimaji akizidisha nguvu, sampuli hupata joto na kubadilika palepale anapoipima.