Magnum haimwangushi nyati kwa kishindo

Barazani hapa Mkomani, Lamu, uwindaji wa kabla ya marufuku ya 1977 ukitajwa, hakosi wa kusema kuhusu Magnum, bunduki ya risasi zenye baruti nyingi na kasi kubwa: “Magnum humwangusha nyati popote impatapo.” Si kweli. Msukumo wa risasi hauzidi teke linalompiga mwindaji begani, naye haanguki. Kinachoua ni risasi kufika moyoni, mapafuni au ubongoni. Tena kasi yaweza kuharibu: risasi ya ncha laini ikigonga mfupa mnene kwa karibu hupasuka vipande juujuu, na nyati aliyejeruhiwa akaingia kichakani (mfuate wewe!). Fuvu la ndovu lilitaka risasi ngumu isiyotanuka. Mwindaji W. D. M. Bell wa Uskoti aliwaua ndovu mamia, wengi kwa bunduki ya risasi nyembamba, za kipenyo cha milimita 7 tu.