Kabla hujaniambia "wekeni tu akili unde"

Kila nikieleza kazi ya darubini za ardhini za miali ya gama (mwanga wa nishati kubwa mno utokao anga za mbali), hakosekani wa kusema, "Si muweke akili unde ichambue data yenyewe?" Safari hii aliyesema ni mwanafizikia. Basi acha niandike.

Akili unde tunayo siku nyingi. H.E.S.S., darubini zetu za aina hiyo kule Namibia, ilianza kutumia miti ya uamuzi (programu inayojifunza kuainisha kwa mfululizo wa maswali) zamani kabla neno hilo halijawa la vijiweni. Mwali wa gama wenyewe haufiki chini. Hugonga angahewa, huzaa manyunyu ya chembe, nayo hutoa mmweko wa buluu wa nanosekunde chache. Protoni, chembe zenye chaji zinazotoka angani pia, hufanya vivyo hivyo, na zinazizidi gama mara elfu na zaidi, ila taswira zake ni pana na zimevurugika. Mwaka 1985 mwanafizikia Hillas alionyesha kwamba urefu na upana wa taswira hutosha kuchuja nyingi. Mwaka 1989 darubini ya Whipple, Arizona, ikainasa gama ya Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka. Baadaye darubini kadhaa zikawa zinatazama nyunyu moja kwa pamoja, na hapo ndipo tulipopiga hatua kubwa. Ilikuwa jiometri, jamani, si akili unde.

Sasa linaloniudhi. Mashine hufunzwa kwa mifano, na gama zilizothibitishwa tutazitoa wapi? Hakuna maabara inayorusha angani gama za teraelektronivolti, yaani za nishati tunayoitafuta. Kwa hiyo gama tunaziiga kwa kompyuta, ilhali protoni mara nyingi tunachukua za kweli, zilizorekodiwa pasipo na chanzo cha gama. Ni kama kumfunza karani wa benki kutambua noti bandia kwa kumpa bandia zenyewe, halafu noti halali umwonyeshe kwenye picha. Atajua kutofautisha karatasi na picha, basi. Mtandao wa neva, aina ya akili unde inayovuma sasa, ni bingwa wa ujanja huo: kosea kidogo mwanga wa usiku ndani ya uigaji, nao utashikilia kosa hilohilo. Kwenye uigaji matokeo yanameremeta. Elekeza kwenye anga halisi, yanapwaya. Na ukiiga protoni pia, unarithi kasoro za modeli za migongano yake, ambazo zenyewe hazikubaliani.

Halafu kuna hewa. Kati ya Agosti na Oktoba moshi wa mioto ya nyika hufika Namibia, mwanga unapungua, na gama inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Pete za muoni, yaani taswira za duara za chembe hizo tunazopimia darubini, hazikuokoi hapo: mwanga wake hutoka mita mia chache tu juu ya kioo, kwa hiyo zinapima kioo na kamera, si moshi ulio juu zaidi. Kwa huo unahitaji laida, kifaa kinachorusha leza juu na kupima mwanga unaorudi.

Kuna pia protoni ambazo mapema kabisa huipa pioni isiyo na chaji, chembe inayogeuka gama papo hapo, karibu nishati yote. Nyunyu lake ni la gama kwa kila hali. Elektroni zitokazo angani ndiyo kabisa, nyunyu lake hufanana na la gama kila mara. Sidhani kama kuna programu itakayozitenga zote, hata tukiilisha data ya miaka mia. Nikipewa fedha leo, zitaenda kwenye laida na uigaji, na kadi za michoro za kuendeshea akili unde zisubiri.