Mafia yetu si ya Wataliano

Juzi tena. Mgeni katoka Dar es Salaam, begi hajalishusha vizuri pale uwanja wa ndege Kilindoni, hapa kisiwani kwetu Mafia, ananiuliza huku akicheka: "Kaka, mabosi wenyewe wanakaa wapi?" Kazi ya kuongoza wageni nimeifanya miaka, utani huo umeshaota mvi. Kinachoniudhi ni kwamba wengine hawatanii. Wanaamini kweli kisiwa kimepewa jina la genge la Sicilia.

Jamani, tazameni miaka tu. Neno hilo la Wataliano lilianza kushika kwenye maandishi yao miaka ya 1860. Mreno João de Barros alichapisha habari za Kilwa mwaka 1552, na kisiwa chetu kimo humo, kakiandika "Monfia". Hapo katikati ni miaka 300 na ushee. Tungeliazimaje neno ambalo wenyewe hawajawa nalo? Na msikimbilie upande wa pili mkasema basi wao ndio walioazima kwetu. Hilo nalo halina ushahidi.

Kuna wanaojiona wajuzi: jina ni "mahali pa afya" lililofupishwa. Linapendeza kwenye vipeperushi vya hoteli, nakubali. Mimi hukwama kwenye ile "n" ya Monfia. Likate neno utakavyo, lipinde utakavyo, "n" haitoki kwenye "mahali" wala kwenye "afya". Wengine wanataja neno wanalosema ni la Kiarabu, "morfiyeh", eti maana yake kundi la visiwa. Hiyo nayo ina "r" ambayo Mreno hakuisikia. Nikimwambia mgeni kwamba asili ya jina haijathibitika, huniangalia kama nimemdhulumu nauli.

Mafia ni Zanzibar? Hapana, ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Ilikuwa chini ya Sultani mpaka Wajerumani walipoichukua mwaka 1890.

Ni kisiwa kimoja? Na Chole, Juani na Jibondo tuviweke wapi?

Anayetaka historia hasa, nimpeleke Juani akaone magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19. Ila avae viatu vya kufunika. Kila safari yupo wa ndala, na kila safari yale mawe ya matumbawe yanamchana kidole, halafu bandeji ninatoa mimi.